Orodha ya Wapiga Kelele

Nianze kwa kuungama, maana humu sote tunajidai ni wasomaji. Mezani kwangu sasa hivi kuna vitabu kumi na kimoja vimelazwa kifudifudi, kila kimoja kimeishia mahali pake. Kimoja nilikianza mwezi Machi. Vingine sikumbuki hata kisa. Lakini kuna riwaya moja niliisoma kwa usiku mmoja, kurasa mia tatu na ushee, chai ikapoa, simu ikazima, nikaja kushtuka jogoo wa jirani anawika. Msomaji ni yuleyule, macho ni yaleyale. Kwa miaka mingi nilijieleza kirahisi tu: nikipenda nasoma, nisipopenda naacha. Uvivu wenye adabu.

Maelezo hayo yaliharibika siku nilipompeleka mtoto wa mdogo wangu kwa daktari.

Mtoto huyo alikuja kwangu Dar es Salaam kutoka Nangwa, mwanzoni mwa 2023, akiwa na miaka minane. Mdogo wangu alinipigia akasema, "Dada, huku ataishia kama mimi. Kaa naye." Nikakaa naye. Wiki ya tatu mwalimu wake akanipigia: mtoto hatulii, anajibu swali kabla halijaisha, anapoteza penseli mbili kwa siku, na jana ametoka darasani kwa kupitia dirishani. Mwalimu hakuwa mkali. Alisema tu, "Mama, mpeleke akaangaliwe." Enzi zetu sentensi hiyo haikuwepo.

Daktari alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini, asiye na haraka. Alinipa fomu ya maswali, akauliza kuhusu uzazi, degedege, malaria kali, usingizi. Halafu akauliza, "Kwenye ukoo kuna mwingine wa hivi?"

Nikacheka. "Baba yake. Tena yeye alizidi."

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi nilikuwa mtulivu, daktari. Mimi ndiye niliyekuwa naandika majina."

Kwa msomaji ambaye hakupitia shule zetu za msingi: mwalimu akitoka darasani, monita hubaki na kipande cha karatasi na kazi moja, kuandika wapiga kelele. Mwalimu akirudi anakabidhiwa orodha, na walioandikwa wanapanga mstari mbele. Ukiongea tena baada ya kuandikwa, unawekewa alama ya kuzidisha pembeni ya jina: mara mbili, mara tatu, na fimbo zinafuata hesabu hiyo.

Mimi na mdogo wangu tulianza darasa la kwanza siku moja, mwaka 1996, mimi nina miaka minane na yeye hajatimiza saba. Baba aliona ni afadhali twende pamoja tusindikizane. Ilikuwa mwendo wa saa nzima, na asubuhi za Juni upepo unaoshuka kutoka mlima Hanang unakata masikio. Kwa hiyo yeye alikuwa mdogo kuliko wote darasani, jambo ambalo leo najua lina maana yake: tafiti za nchi kadhaa zinaonyesha kwamba wanaoanza wakiwa wadogo kuliko wenzao ndio wanaoongoza kupachikwa jina la mtoto asiyetulia.

Darasa la tatu nikafanywa monita. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilikuwa siongei. Jina la mdogo wangu lilikuwa la kwanza kwenye orodha karibu kila siku. Na hapa ndipo pananiuma mpaka leo: mara nyingi nililiandika kabla hajafungua mdomo. Sikuwa namchukia. Nilikuwa nataka kazi iishe nirudi kwenye yangu, na yangu yalikuwa dirishani. Kivuli cha wingu kilikuwa kinapanda mlima taratibu, kinapita mashamba, kinafika msituni, na mimi napanda nacho. Kelele zenyewe nilikuwa sizisikii. Monita wa wapiga kelele alikuwa hasikii kelele! Nilimwandika kwa mazoea.

Alichapwa. Shule siitaji, na walimu wale sina sababu ya kuwafanya mashetani. Walikuwa wachache, sisi tulikuwa wengi, nao walichapwa hivyohivyo utotoni. Baba naye alikuwa na methali yake, samaki mkunje angali mbichi, na fimbo yake ya jioni. Kanuni za serikali za mwaka 2002 zilikuja kusema viboko visizidi vinne, mkuu wa shule aidhinishe, na adhabu iandikwe kwenye daftari. Wakati huo mdogo wangu alikuwa nje ya shule mwaka wa pili. Aliacha akiwa darasa la tano, mwaka 2000. Hakufukuzwa. Siku moja tulitoka wote nyumbani, tukafika njia panda, akaniambia, "Wewe nenda," akakata kushoto kuwafuata ng'ombe wa jirani.

Mimi niliendelea mpaka chuo kikuu. Nilipotea njiani mara nyingi, nilisahau mitihani miwili, nilipoteza kitambulisho mara sita, lakini hakuna aliyewahi kuniita mtukutu. Niliitwa mwenye mawazo. Bibi alisema nina roho ya kizee.

Ile hali daktari aliitaja kwa herufi nne, ADHD. Kwa Kiswahili huwa tunasema upungufu wa umakini na utundu uliopitiliza, na kusema kweli sipendi hata neno moja kati ya hayo. "Upungufu" unakuambia kuna debe halijajaa. Lakini mtoto yule anaweza kukaa saa mbili anafungua redio mbovu, na mimi nilikesha na riwaya. Umakini upo. Usukani ndio unaoteleza. Na "utundu" ni neno la hukumu. Ukishamwita mtoto mtundu, kinachofuata unakijua.

Tangu 1994 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unazitaja sura tatu: wale ambao umakini unawaponyoka, wale wasiotulia na wenye kukurupuka, na wale wenye vyote viwili. Toleo la 2013 lililegeza lugha kidogo, likaacha kuziita aina na kuziita namna hali inavyojitokeza, kwa sababu mtu huyohuyo hubadilika na umri. Anayekimbia akiwa na miaka saba, akifika thelathini miguu imetulia na kichwa ndicho kinachokimbia. Wapenzi wa vitabu wanaweza kukumbuka kwamba Heinrich Hoffmann, daktari wa Frankfurt, aliwaweka ndugu hawa wawili kwenye kitabu kimoja cha watoto katika miaka ya 1840: kuna mvulana anayebembea na kiti mezani mpaka anavuta kitambaa na chakula chote chini, na kuna mwingine anayetembea akitazama angani mpaka anatumbukia mtoni. Kitabu kinawacheka wote wawili sawasawa. Kwetu Nangwa mmoja alipewa fimbo, mwingine akapewa peni.

Turudi kwa daktari. Aligeuza fomu akachora nyuma yake vitu viwili kama mizizi ya muhogo, havigusani. "Hizi ni chembe za neva. Kati yake kuna mwanya." Ujumbe hauvuki mwanya wenyewe, unavushwa na kemikali. Mojawapo ni dopamini, nyingine noradrenalini. Ikishafanya kazi, dopamini inafyonzwa na kurudishwa ilikotoka na vipampu vidogo sana, mwanya usafike kwa ujumbe unaofuata. Dawa iitwayo methilfenideti huziba vipampu hivyo, ndipo dopamini inakaa mwanyani kitambo zaidi na ujumbe unasikika. Dawa hiyo ilitengenezwa mwaka 1944 na Leandro Panizzon, na jina lake la biashara, Ritalin, limetoka kwa mkewe aliyeitwa Rita. Hili la Rita sikuambiwa na daktari. Nilikuwa nimeshalitafuta kwenye simu, yeye bado anachora. Aliponyanyua macho akanikuta huko, akaandika kitu kwenye faili. Sio la mtoto.

Mitandaoni dopamini inaitwa kemikali ya raha. Hilo ni jambo la kurahisisha mno. Iko karibu zaidi na sauti ya dalali mnadani: hii ina thamani, kaa hapa, subiri, usiondoke. Katika ubongo wa ADHD inaonekana sauti hiyo haipigwi kwa wakati wala kwa nguvu ya kutosha, hasa katika njia inayounganisha vituo vya ndani kabisa vya ubongo na gamba la mbele, lile lililo nyuma ya paji la uso. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu undani wake. Lakini tokeo moja nililijua kabla ya sayansi yoyote. Baba alimuahidi mdogo wangu ndama akipanda darasa vizuri mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka! Kwake hiyo ilikuwa nchi nyingine. Ila ukimwambia ukimaliza kupalilia tuta hili utapata muwa, alikuwa amemaliza mimi bado nasawazisha mpini wa jembe. Tulisema ni mjanja, anafanya akitaka. Hatukujiuliza kwa nini thawabu ya mbali haikuwa na uzito mkononi mwake.

Mwaka 2007 timu ya Philip Shaw huko Marekani ilichapisha matokeo ya kuwapiga picha za ubongo watoto 223 wenye ADHD na wengine 223 wasio nayo, wengi wao wakipigwa zaidi ya mara moja kadiri walivyokua. Gamba la ubongo wa mtoto hunenepa mpaka kilele, kisha huanza kupungua likijinyoosha. Kwa watoto wa kawaida nusu ya gamba ilikuwa imefikia kilele kwenye umri wa miaka 7.5. Kwa wenye ADHD, miaka 10.5. Mpangilio wa ukuaji ulikuwa uleule, ila umechelewa, na uliochelewa zaidi ulikuwa upande wa mbele, ule wa kujizuia, kupanga na kushika jambo kichwani. Kuna sehemu moja iliyowahi kidogo: ile inayoendesha viungo vya mwili. Hebu pata picha ya gari ambalo injini imefungwa Jumatatu na breki zinakuja Alhamisi.

Niliposoma hilo nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Nilipiga hesabu, kama ambavyo ndugu yeyote angepiga. Darasa la kwanza yeye hajafika saba. Darasa la tatu, mwaka wa orodha zangu, alikuwa na miaka minane hadi tisa. Picha za Marekani haziwezi kuniambia ubongo wa mtoto mmoja wa Hanang ulikuwaje, najua. Wastani wa watu wengi hauvai kaptula ya mtu mmoja. Mwaka 2017 utafiti mkubwa zaidi, wa watu 1,713 wenye ADHD na 1,529 wasio nayo, ulikuta baadhi ya vituo vya ndani ya ubongo ni vidogo kidogo, tena tofauti hiyo huonekana zaidi utotoni, lakini ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuitazama picha ya mtu mmoja ukasema anayo au hana. Ndiyo maana daktari hakumpiga mtoto picha ya kichwa. Akikutokea mtu anayeuza kipimo cha namna hiyo, funga mkoba wako.

Basi, wastani hauvai kaptula. Lakini nilishindwa kuacha kuhesabu.

La fimbo ndilo lililonikalia zaidi. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ametumia miongo kadhaa kuchunguza gamba hilo la mbele, na alichoonyesha ni kwamba linataka dopamini na noradrenalini kwa kipimo. Zikiwa kidogo, halishiki kitu. Zikiwa nyingi mno, halishiki pia. Na mahali zinapofurika ni kwenye hofu: mtu akitishwa kwa jambo asiloweza kulizuia, kemikali hizo humwagika, gamba la mbele linalegea, na uongozi unachukuliwa na sehemu za kale za ubongo, za kukimbia, kupigana au kuganda. Kwa kumponyoka simba hilo ni jema. Kwa kukumbuka saba mara nane ukiwa mbele ya ubao na mwalimu amesimama nyuma yako na fimbo, sijui. Yaani sehemu ile iliyochelewa kukua, tukaizima kwa hofu kila asubuhi, halafu tukaandika kwenye ripoti kwamba mtoto hajitahidi.

Na mimi wa dirishani? Ubongo usipopewa kazi haulali. Kuna mtandao mzima unaoamka mtu akizama ndani: kumbukumbu, ndoto za mchana, mazungumzo na watu wasiokuwepo. Kazi ikianza mtandao huo hutakiwa kushusha sauti. Mwaka huohuo wa 2007 Edmund Sonuga-Barke na Francisco Castellanos walipendekeza kwamba kwa wenye ADHD haushuki vya kutosha, unaingilia kazi kama redio ya chumba cha pili. Ni dhana, na si ya watulivu pekee. Watukutu nao wanayo redio. Ila niliposoma niliona kivuli cha wingu kikipanda mlima. Kwangu redio hiyo ilipiga hadithi nzuri, na kwa sababu haikumsumbua mtu mwingine, nikaonekana mwenye akili. Wasichana wengi wanapita hivyo. Hawavunji kitu, kwa hiyo hawaulizwi kitu.

Niliondoka kliniki ile, ziara ya tatu, na karatasi mbili: ya mtoto na yangu. Yake ilisema sura ya mchanganyiko. Yangu ilisema umakini. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano. Habari za dawa na shule ya mtoto ni zake, akitaka atazisimulia mwenyewe.

Mama aliposikia alitaka kujua alikosea wapi. Je, ni ile siku alipoanguka na ndoo akiwa na mimba? Nilimwambia ninachojua. Malaria ya kichwani inaweza kuleta hali ya kufanana na hii. Huko Kampala, Richard Idro na wenzake wamewafuatilia watoto waliopona ugonjwa huo na kukuta baadhi yao wamebaki na matatizo ya umakini na kutotulia. Lakini sisi Nangwa ni juu, ni baridi, na mdogo wangu hakuwahi kupata degedege. Kwa wengi chanzo kikubwa ni kurithi. Ukiwapima mapacha, karibu robo tatu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika jambo hili inaelezwa na vinasaba, na si kinasaba kimoja: mwaka 2019 watafiti walipata maeneo 12, mwaka 2023 yakawa 27, kila moja likichangia kidogo mno, na wengi wa waliopimwa walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. "Kwa hiyo ni upande wa baba yenu," mama akasema, na mjadala ukafungwa.

Kuna utafiti mmoja wa karibu na nyumbani ambao watu wanapenda kuusimulia, na mimi pia nauhusudu ingawa nauogopa. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichapisha matokeo kuhusu Waariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, upande wa Marsabit. Baadhi yao bado wanahama na mifugo, wengine wametulia kwenye vijiji vya kilimo. Waliwapima wanaume afya ya mwili, kisha wakaangalia namna fulani ya kinasaba cha kipokezi cha dopamini, ile iliyokuwa ikihusishwa na ADHD. Miongoni mwa wahamaji, wenye namna hiyo walikuwa na lishe nzuri kuliko wenzao. Miongoni mwa waliotulia ilikuwa kinyume: wenye namna hiyo ndio waliokonda.

Unaona kwa nini inavutia. Sisi Wairaqw tuna jembe na ng'ombe, majirani zetu Wabarabaig ni wafugaji hasa, na mdogo wangu shuleni alikuwa hafai ila porini alikuwa anajua ndama amepotea kabla mwenye ndama hajajua. Wazee wakitoa slufay, ile dua yetu ya kishairi ambayo mmoja hutamka na umati huitikia, yeye alikaa mpaka mwisho, mdomo wazi, kwa sababu kila mstari ulimdai jibu. Leo ananunua na kuuza ng'ombe mnadani Katesh. Anamtambua ng'ombe aliyemuuza miaka miwili iliyopita kwa mwendo tu.

Lakini ni utafiti mmoja, wa wanaume peke yao, na haupimi akili wala umakini, unapima uzito. Na mimi siwezi kuungana na wanaosema ADHD ni kipaji. Nimeona bili ya kipaji hicho. Mdogo wangu ameuza shamba la urithi kwa hasira ya dakika kumi. Amevunjika mguu kwa pikipiki mara mbili, barabara ileile. Shemeji yangu, mkewe, hula kwa zamu na wasiwasi.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh na Gendabi, wakafa watu zaidi ya themanini. Habari zilipofika Nangwa, mdogo wangu aliruka kwenye pikipiki bila kuaga. Alichimba kwa mikono pamoja na wengine, mchana kutwa. Watu walinisimulia baadaye kwamba hakusita hata mahali ambapo wengine walisita, na nilijivunia. Ila mama alikaa siku nzima akiamini mwanawe yuko chini ya tope, maana simu haipatikani na hakuna aliyemuona akiondoka. Alirudi usiku, peku, simu hana, pikipiki kaiacha hajui wapi. Mambo hayo mawili yametoka kwenye mkono mmoja na sijui namna ya kuyatenganisha.

Desemba iliyofuata nilipanda basi nikaenda kumweleza. Nilikuwa nimejiandaa, nina hata ile karatasi ya mizizi ya muhogo. Tulikaa kwenye mawe karibu na zizi, chai mkononi. Nikamweleza mwanya, vipampu, dopamini. Akainuka kufunga geti. Akarudi. Nikamweleza gamba la mbele, miaka saba na nusu kwa kumi na nusu. Akainuka akamfukuza kuku. Akarudi akakaa, akatazama karatasi muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Kwa hiyo dada," akasema, "mlinichapa miaka mitatu mapema."

Nikamwambia hata baadaye haikupaswa. Nikamwambia pia lile la orodha, lile ambalo sikuwahi kulisema, kwamba nilikuwa naandika jina lake kabla hajaongea. Nilitegemea atashangaa. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi ndani ya basi kutoka Babati.

"Nilikuwa naona," akasema. "Nilikuwa nakaa dawati la pili, nakuona unaandika. Ndiyo maana nilikuwa naongea. Nimeshaandikwa, ninyamaze kwa faida ya nani?"

Sikuwa na jibu, na yeye hakuwa anasubiri jibu. Akauliza mwanawe anaendeleaje na hesabu. Nikasema anakaa dawati la mbele, kila baada ya dakika kumi na tano mwalimu anamtuma afute ubao au apeleke chaki, na fimbo hamna. "Anatumwa?" akauliza. "Anatumwa." Akacheka peke yake, akarudia tena, anatumwa, kama mtu aliyeonyeshwa noti ya zamani.

Halafu akainuka. Ndama alikuwa amenasa mguu kwenye waya wa bustani, mimi sikuwa nimemuona. Chai yake ilibaki juu ya jiwe. Nilipokuja kuikumbuka ya kwangu, nayo ilikuwa imepoa.